Plagi Ikikatikia Ndani ya Injini ya Boti



Safari hii tunajibu swali ambalo vikundi vya wavuvi na vya kuvusha abiria vimetuuliza zaidi ya mara moja. Plagi ya injini ya boti imeshika kutu. Mtu ameivuta kwa spana, nayo imekatika. Kichwa kimetoka na spana, lakini sehemu yenye nyuzi imebaki ndani. Je, mashine imekufa? Ni lazima kikundi kianze kuchanga pesa za kununua nyingine?

Hapana. Plagi iliyokatika hutolewa, na mara nyingi hutoka bila kuharibu kitu. Kinachoharibu injini ni ile saa moja baada ya kukatika, wakati kila mtu aliye ufuoni ana maoni yake na kila mmoja ameshika nyundo yake.

Tena injini ya kikundi si kama ya mtu binafsi. Ya mtu binafsi ikiharibika, analia peke yake. Ya kikundi imenunuliwa kwa michango ya miaka, pengine kwa mkopo ambao bado unalipwa. Kila siku isipokwenda majini watu ishirini wanauliza maswali, na mwenye spana anaharakishwa hadi anakosea. Kwa hivyo hata kabla ya kuzungumzia vyuma, naomba jambo hili liingie katika kitabu cha mikutano: andikeni majina ya watu wawili tu wanaoruhusiwa kufungua injini, na muwape uwezo wa kusema "tusimame hapa" bila mwenyekiti wala mweka hazina kuwapinga. Nimeona vikundi vyenye kamati ya kila kitu, hata ya chai, lakini injini inafunguliwa na yeyote aliyeamka mapema.

Huenda mtauliza mtu anayeishi Mountain View, hapa kando ya barabara ya Waiyaki, anajua nini habari za boti. Ni kweli, ziwa lenye boti za injini lililo karibu nasi ni Naivasha, nalo ni safari ya matatu. Lakini kazi iliyoshindikana kijijini mwishowe huletwa Nairobi. Mabasi ya Naivasha, Nakuru na Kisumu yanapita barabara hii, na baadhi ya mizigo yake ni vyuma vilivyokatikiwa na plagi, vimefungwa kwa gunia. Majirani zetu mafundi wa jua kali wa Kangemi wanaifahamu kazi hii vizuri, maana pikipiki za bodaboda na pampu za maji za petroli hupata ugonjwa huohuo. Haya ninayoandika ni yale mafundi wanayofanya, na nimeyapanga kwa ajili ya mtu aliye mbali na karakana.

Kwa nini plagi inashika?

Mwili wa plagi ni chuma cha pua la kawaida, umepakwa rangi nyembamba ya madini ili usishike kutu. Kifuniko cha silinda, ambacho mafundi wetu hukiita hedi, ni alumini. Madini haya mawili yakigusana penye maji ya chumvi yanakuwa kama betri ndogo, na alumini ndiyo inayoliwa. Huo unga mweupe mnaouona kuzunguka plagi ni alumini iliyoliwa. Unga huo unachukua nafasi kubwa kuliko madini yenyewe, kwa hiyo unajikaza katikati ya nyuzi kama kabari. Ndiyo maana plagi ambayo mliifunga kwa mkono, baada ya mwaka haigeuki hata kwa bomba.

Wavuvi wa Lamu, Kilifi na Vanga wanalijua hili sana kwa sababu ya bahari. Wa Ziwa Victoria na Naivasha wasijidanganye ati maji yao ni matamu. Maji matamu huchelewa tu, na unyevu ukikaa chini ya kifuniko cha injini miezi na miezi, kutu inakuja vilevile.

Sababu ya pili huzungumzwa kidogo, nayo ni plagi isiyo saizi. Chukueni mfano wa plagi za NGK. Plagi iliyoandikwa B7HS na iliyoandikwa B7ES zote zina nyuzi za milimita 14, na spana ni ileile moja. Muuzaji aliyeishiwa na ya kwanza atakupa ya pili akisema ni sawa. Si sawa. Herufi H maana yake nyuzi zina urefu wa milimita 12.7, na herufi E maana yake ni milimita 19. Ukiweka ndefu mahali pa fupi, zaidi ya milimita 6 za nyuzi zinatokeza ndani ya silinda. Kama pistoni haikuigonga siku ya kwanza, masizi yatajaa kwenye nyuzi hizo zilizotokeza, na siku ya kuitoa zitakuja zikikwangua nyuzi za hedi njia nzima. Someni kitabu cha injini yenu au mlinganishe na plagi ya zamani, herufi kwa herufi.

Kabla haijakatika

Ukiweka spana na plagi ikakataa kwa nguvu ya mkono mmoja, acha. Hapo ndipo injini inapookolewa.

Ondoeni kwanza tangi la petroli na bomba lake, mvipeleke mbali. Vueni waya za plagi zote. Ile kamba ya usalama inayozima injini itolewe pia, na ncha za waya zifungwe kwenye mwili wa injini, ili kamba ya kuwashia ikivutwa kwa bahati mbaya pasiruke cheche karibu na mvuke wa petroli. Pigeni brashi ya waya kuzunguka plagi, kisha pulizeni uchafu kwa pampu ya baiskeli. Mchanga ukibaki hapo, plagi ikitoka unaingia ndani.

Sasa mafuta ya kupenya. Yale ya kopo yanayouzwa kwenye maduka ya spea ni mazuri. Yakikosekana, dizeli iliyochanganywa na mafuta taa inasaidia, ingawa polepole. Lakini kuna jambo moja la injini za boti ambalo fundi wa magari anaweza kulisahau. Katika injini inayoning'inia nyuma ya boti, silinda zimelala na plagi zinatazama nyuma. Mafuta ukiyatia yanateremka chini na kupotea majini. Kwa hivyo inueni injini kama vile mnavyoinua mkifika ufuoni, propela ikiwa juu. Hapo plagi zinatazama juu kiasi, na mafuta yanakaa kwenye mfereji wake. Bora zaidi, ishusheni kabisa mwifanyie kazi nchi kavu. Spea iliyoangukia ziwani haina fundi.

Tieni mafuta, gongeni kichwa cha plagi kwa vigongo vidogovidogo vya nyundo ndogo, si vya hasira, ili mafuta yapate njia. Mkiacha usiku kucha na kurudia asubuhi, mtakuwa mmepoteza siku moja ya kazi. Pigeni hesabu wenyewe: mapato ya siku moja mkiyaweka upande mmoja, na bei ya hedi mpya pamoja na gasketi na nauli ya Nairobi upande wa pili. Mimi sijaona kikundi ambacho hesabu hiyo iliwachanganya.

Baada ya mafuta, tumieni joto. Alumini ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo tundu linapanuka kuliko plagi. Msitumie moto wa welda kwenye injini yenye petroli, hata kama fundi anajiamini. Maji yanayochemka yakimwagwa polepole juu ya hedi, au matambara yaliyochovywa ndani yake, yanatosha kwa jaribio la kwanza. Angalieni mikono yenu na nyaya za umeme.

Kisha chukueni soketi ndefu ya pembe sita, iingie hadi chini. Spana ya pembe kumi na mbili au ya kurekebisha huviringisha kichwa chenye kutu. Kazeni kidogo sana kwanza, halafu legezeni. Ikisogea robo ya mzunguko, irudisheni nyuma kidogo, tieni mafuta, legezeni tena. Mtu akisema huko ni kupoteza wakati, mpeni kazi ya kuchemsha maji.

Ikishakatika

Tazameni ni nini hasa kilichokatika, maana mara nyingine watu hulia kabla ya msiba. Kama ni ile kauri nyeupe ya juu tu iliyovunjika, na kichwa cha pembe sita kipo, bado hamjapata shida. Safisheni vipande, endeleeni na soketi ndefu.

Shida ni pale plagi inapokatikia shingoni, chini ya kichwa, karibu na washa. Kinachobaki ndani ni bomba fupi la chuma lenye nyuzi kwa nje, na pengine kauri katikati yake. Hapo jambo la kwanza ni kutazama pistoni iko wapi. Injini nyingi ndogo za boti za miaka mingi ni zile zinazochanganya oili na petroli, na silinda zake zina matundu ubavuni. Kipande cha chuma au kauri kikiingia kwenye matundu hayo, kinanaswa na ringi na kuchubua silinda nzima. Pistoni ikiwa juu kabisa inayafunika matundu, na takataka ikianguka inabaki juu yake, mahali inapoweza kutolewa.

Mtajuaje pistoni iko juu na tundu lenyewe limeziba? Kwa injini ya kawaida ya silinda mbili, pistoni moja ikiwa juu nyingine iko chini. Toeni plagi nzima ya silinda ya pili, ingizeni kijiti kirefu kisichovunjika, mgeuze gurudumu la juu la injini polepole kwa mkono. Kijiti kikifika mwisho wa kuzama, ile silinda yenye shida iko juu. Toeni kijiti, funikeni tundu hilo kwa kitambaa safi, na mtu asiguse gurudumu tena.

Kauri ikiwa imebaki, ivuteni nje kwa koleo. Msiigonge kuelekea ndani. Imekalia ukingo ndani ya ule mwili wa chuma, kwa hiyo haianguki yenyewe, lakini nyundo huivunja vipande, na vipande vya kauri ni vigumu kama kiberiti cha jiwe. Vaeni miwani.

Sasa kuna kifaa ambacho mafundi hukiita ekstrakta. Ni chuma kigumu kilichochongoka, kinachoingizwa kwenye tundu na kung'ata kikizungushwa kinyume. Kiko cha aina mbili. Kile kilichojipinda kama pembe ya swala kinajichimbia ndani kadiri unavyozungusha, na kwa kuwa mwili wa plagi ni mwembamba, kinautanua na kuubana zaidi kwenye hedi. Kile cha pembe nne zilizonyooka ni bora kwa kazi hii. Pakeni grisi nzito kwenye ncha yake ili ishike chembechembe, kigongeni kidogo kipate kushika, kisha zungusheni kwa mpini wa mikono miwili, nguvu sawa pande zote. Tieni mafuta tena, mwageni maji moto tena. Kikianza kulia na kusogea, msiharakishe. Nenda, rudi, nenda.

Na hapa ndipo mpaka wa fundi wa ufuoni. Ekstrakta ikikataa kwa nguvu ya mikono ya kawaida, itoeni. Msiongeze bomba. Ekstrakta ikikatikia mle ndani mmeongeza shida mara kumi, maana ni ngumu kuliko drili nyingi za jua kali.

Kinachofuata ni kuvua hedi. Boliti zake nazo huwa na kutu, kwa hiyo zitieni mafuta siku moja kabla, na mzilegeze kidogo kidogo kwa kupokezana, kuanzia zile za pembeni. Mkianza kusikia boliti inanyumbuka badala ya kugeuka, acheni, pelekeni injini nzima. Hedi ikitoka, kazi imekuwa nyepesi kwa nusu: inakaa mezani, inawashwa moto bila hofu ya petroli, na takataka haina silinda ya kuingilia. Fundi mzuri ataingiza nati ndani ya duara na kuichomelea kwenye kile kipande, kisha ataigeuza kwa spana kikiwa bado na joto. Mwingine atapitisha ubapa wa msumeno wa chuma ndani ya tundu, akate mfereji mmoja au miwili hadi karibu kugusa nyuzi za alumini, halafu akikunje kipande kuelekea ndani. Hiyo ni kazi ya jicho na subira. Mwulizeni fundi amewahi kuifanya kwenye alumini au kwenye chuma tu.

Mkituma hedi kwa basi, isafisheni isinuke petroli, fungeni ule uso uliosagwa bapa kwa kadibodi nene, na mwandike kwenye karatasi jina la injini, nguvu zake na mlichokwisha kujaribu. Fundi asiyejua kwamba tayari kuna ncha ya ekstrakta mle ndani ataharibu drili yake na hedi yenu. Gasketi mpya ni lazima. Ya zamani ikirudishwa huenda ikavujisha, na injini ikachemka katikati ya ziwa.

Nyuzi za hedi zikiwa zimeharibika

Kipande kikitoka salama, pitisheni tepu ya plagi, ya milimita 14 kwa 1.25 kwa injini nyingi hizi, ikiwa imepakwa grisi, kusafisha nyuzi. Iingizeni kwa vidole kwanza. Ikiingia kombo mtakata nyuzi mpya juu ya zile nzuri.

Nyuzi zikiwa zimekwisha, karakana inaweza kutoboa tundu kubwa zaidi na kuingiza bushi ya chuma yenye nyuzi mpya ndani. Ni kazi ya kudumu ikifanywa vizuri. Msikubali gundi ya chuma, wala mkanda wa mafundi wa mabomba. Plagi inahitaji kugusa hedi chuma kwa chuma, kwanza ili umeme upate njia ya kurudi, pili ili joto lake liondokee hapo. Plagi iliyofungwa kwa gundi itachemka hadi kutoboa pistoni, au itaruka yenyewe ikiwa na abiria ndani ya boti.

Kufunga mpya

Kabla ya plagi mpya, pulizeni silinda kwa pampu na mrija mwembamba, na mfute juu ya pistoni kwa kitambaa chenye grisi. Halafu, mkiwa mmekaa kando ya matundu, vuteni kamba ya kuwashia mara kadhaa bila plagi, waya zikiwa bado zimefungwa kwenye mwili wa injini. Yale mafuta mliyotia usiku yatatoka. Yakibaki ndani na mkafunga plagi, pistoni itayagonga kama jiwe, maana mafuta hayabanwi.

Plagi mpya ifungwe kwa vidole hadi washa iguse. Baada ya hapo, kwa plagi mpya ya milimita 14 yenye washa, ongezeni nusu mzunguko hadi theluthi mbili kwa spana, basi. Plagi iliyokwisha kutumika inataka kidogo sana, kama moja ya kumi na mbili ya mzunguko, kwa sababu washa yake imekwisha kubanwa. Wengine hupaka nyuzi grisi ya kuzuia kushikana. Kampuni ya NGK yenyewe haishauri hivyo kwa plagi zake zilizopakwa madini, kwa kuwa nyuzi zikiteleza mtu hukaza kupita kiasi bila kujua. Kwa boti za baharini mafundi wengi bado huipaka, na mimi siwalaumu, mradi iwe utando mwembamba, isifike kwenye ncha ya plagi, na nguvu ya spana ipunguzwe.

Kisha chagueni siku, kwa mfano siku ya mkutano wa mwezi, plagi zote zitolewe, zipigwe brashi na kurudishwa. Plagi inayotolewa kila mwezi haipati nafasi ya kuota mizizi. Wa baharini wasafishe injini kwa maji matamu baada ya kazi, na kukausha chini ya kifuniko kwa kitambaa chenye oili kidogo. Vipira vya kichwani mwa waya vilivyopasuka vibadilishwe, maana hapo ndipo maji yanapoingilia.

Ndani ya boti wekeni kopo lenye kifuniko: plagi mbili mpya za namba ileile, soketi ndefu ya pembe sita na mpini wake, brashi ndogo ya waya. Kile kipande kilichokatika msikitupe. Kipimeni urefu wa nyuzi kwa rula, mwandike kwenye kopo kwa kalamu isiyofutika pamoja na herufi za plagi, ili yeyote atakayetumwa dukani, awe mtoto wa shule au dereva wa matatu, arudi na ile yenyewe.